Pimbi na Nafasi Aliyoiacha Tupu

Nirushe, nisirushe?

*Rusha, tupo tunadaka.*

Na ikiniponyoka?

*Tutaiokota, tuipanguse vumbi, tuendelee.*

Basi sogeeni. Wewe wa nyuma umejibu kwa kubana midomo, nimekuona. Leo nakusamehe kwa sababu ngano yenyewe inahusu watu wa kazi yangu, na watu wa kazi yangu wote hujibu hivyo.

Hapo kale, lakini si kale mno, maana mashine zilikuwepo, palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule wa majabalini, ukubwa wake kama paka, masikio mafupi, mkia hana. Akili alikuwa nayo, na alijua kwamba anayo, na hilo la pili ndilo lililomponza. Kazi yake ilikuwa kuandika programu. Aliishi majabali ya Mawe Mapana na mkewe Kidawa na watoto wao wanne. Kila asubuhi ungemkuta juu ya jiwe, kajinyoosha, macho kafumba, jua linampiga tumboni. Ukimuuliza anafanya nini, anakujibu, "Nafikiri." Msimcheke. Na mimi hufikiri hivyo hivyo.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Wanyama wakakubaliana kuweka chakula chao chote pamoja, kwenye ghala moja juu ya kilima, na mashine ndiyo igawe. Mashine ilishusha makapu kwenye kamba ndefu. Kapu linatoka Ghalani, linavuka Darajani, linazunguka Konani, linaingia nyumbani kwa mtu. Kila nyumba kapu moja kwa siku. Likifika, mashine inapiga baragumu na kutangaza: "Kapu la Swala, limefika salama. Kapu la Nungunungu, limefika salama." Watu wanasikia, wanakwenda kula.

Sasa, lugha za mashine ziko nyingi. Ziko zinazokuachia uandike upendavyo. Programu inakwenda, ikianguka inakuangukia kichwani, shauri yako. Ya kwao haikuwa hivyo. Ya kwao ilikuwa na Kobe mlangoni. Hakuna programu iliyoingia kwenye mashine kabla Mzee Kobe hajaisoma, mstari kwa mstari, polepole mpaka mwenyewe unasinzia umesimama. Kisha anauliza maswali mawili.

"Hapa panaweza kutokea baya gani?"

Unamtajia.

"Likitokea, nani atalidaka?"

Unamtajia. Usipomtajia, programu haipiti, ulie usilie. Unaweza kusema, "Mimi silidaki, namrushia aliyenituma." Anakubali. Lakini anaondoka pale anakwenda kumuuliza huyo aliyekutuma, na huyo akirusha, anamwendea wa juu yake, mpaka apatikane mtu. Hana haraka, yule.

Tena kulikuwa na desturi ya kuwatia watu moyo: anayedaka kosa hula kilichomwagika. Kapu likipinduka, mdakaji analisimamisha, analijaza upya kutoka ghalani, analifikisha kwa mwenyewe. Yale yaliyomwagika chini ni yake. Ni desturi nzuri. Nani angekubali kutoka mbio juani kwa ajili ya kapu la mwenzake, kama hapati hata ganda?

Pale Konani kulikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa alikaa Kiboko. Kiboko alikuwa na nguvu kuliko wote na tumbo kuliko wote. Siku ya kugawa kazi akatoa kichwa majini akasema, "Makosa ya Kona, mimi." Wakatazamana. Mdomo ule ukifunguka, Swala mzima anaingia na pembe zake. Wakasema, "Kona, Bwana Kiboko," wakaandika.

Mwandishi alikuwa Pimbi. Akaandika: Konani, kapu likimwagika, adake Kiboko. Chini yake palikuwa na nafasi ya kueleza mdakaji afanye nini. Ilikuwa saa nne asubuhi. Jiwe lake lilikuwa limeshapata lile joto analolipenda, si la kuunguza, la kulegeza. Pimbi akaitazama ile nafasi, akalitazama jiwe. Akaiacha tupu, na kando yake akaandika kwa herufi ndogo: *Nitarudi kumalizia.*

Akampelekea Kobe.

"Hapa panaweza kutokea baya gani?"

"Kapu kumwagika, Mzee."

"Likimwagika, nani atadaka?"

"Kiboko, Mzee."

"Pita."

Kobe hukagua kama mdakaji yupo. Kama mdakaji anafanya lolote, hilo halimo kwenye maswali yake mawili. Pimbi akaenda kuota jua. Hakurudi kumalizia. Tangu lini sisi tumerudi?

Siku ya kwanza upepo ukavuma, kapu la Nungunungu likapinduka Konani. Pwaa.

"Kosa Konani," ikasema mashine. "Nani anadaka?"

"Mimi," akasema Kiboko.

Mashine ikatazama kwenye programu imwambie afanye nini. Ikakuta patupu. Mashine haina akili ya kushangaa. Ikaona basi, hakuna la kufanya, kosa limedakwa, yamekwisha. Ikapiga baragumu: "Kapu la Nungunungu, limefika salama."

Kiboko akabaki na tikiti mdomoni, anasikiliza. Akalitafuna taratibu, kwachu, kwachu, kwachu, huku anafikiri. Kesho yake upepo haukuvuma. Kiboko akatoka majini, akaegemeza makalio kwenye nguzo ya kamba kama mtu anayejikuna. Pwaa.

"Kosa Konani. Nani anadaka?"

"Mimi."

"Kapu la Swala, limefika salama."

Kwachu, kwachu, kwachu. Ikawa ndiyo kazi yake. Leo anajikuna likipita kapu la huyu, kesho la yule, keshokutwa ya watatu kwa mpigo. Nungunungu akaenda kulalamika, wakamwambia, "Baragumu limelia, sisi tumesikia. Labda umekula ukasahau." Nungunungu akarudi nyumbani akiwa na njaa na mashaka juu ya kichwa chake mwenyewe.

Kisha zamu ikafika Mawe Mapana.

"Baba watoto," akasema Kidawa, "kapu liko wapi?"

"Limefika. Hukusikia baragumu?"

"Nimesikia. Limefika wapi?"

"Limefika salama, mke wangu. Mashine haisemi uongo, programu niliandika mimi."

"Haya. Waite watoto basi niwapakulie hiyo salama, kila mmoja kijiko kimoja."

Siku ya kwanza Pimbi aliona ni mzaha. Siku ya pili Kidawa hakutania. Alikaa akibambua maganda makavu ya mti na kuwatafunia wadogo, maana meno yao hayakuweza. Siku ya tatu yule wa mwisho, ambaye huwa hatulii hata umfunge kamba, alilala chini kutwa nzima na hakuuliza chakula. Hapo Pimbi akaogopa. Akashuka majabali, akaifuata kamba kwa miguu mpaka Konani, akajificha nyuma ya jiwe.

Akaliona kapu lake linakuja, limejaa majani mabichi. Akamwona Kiboko anatoka majini, anasogea nguzoni, anajikuna. Pwaa. Akasikia, "Mimi." Akasikia, "Kapu la Pimbi, limefika salama." Hakuhitaji kwenda kusoma programu. Aliujua mstari wenyewe, aliijua saa aliyouandika, alilijua hata joto la jiwe la siku ile.

Dawa yake ilikuwa neno moja. Aende kwa Kobe, kwenye ile nafasi aandike *fikisha*, arudi zake. Kabla chai haijapoa angekuwa nyumbani.

Ila kulikuwa na sheria. Ukitaka kubadili programu ya zamani, unasimama uwanjani mbele ya wote, unasema kosa lilikuwa nini na nani aliliandika. Mwezi uliotangulia Nguchiro alisimama hivyo, akakiri kwamba alihesabu nyumba kumi na mbili badala ya kumi na tatu. Na nani alicheka kuliko wote? Pimbi. Alicheka mpaka akaporomoka kutoka juu ya jiwe, akainuka, akamwigiza Nguchiro anavyohesabu vidole, akacheka tena. Sasa akajiona yeye pale katikati, na Nguchiro amekaa mbele kabisa, anacheka.

Lakini sheria hiyo ilihusu kubadili ya zamani. Kuandika programu mpya na kuipachika juu ya ile ya zamani hakukuhitaji maelezo. Basi Pimbi akafanya kama tunavyofanya. Akaiacha kazi ya dakika moja, akaanza kazi ya siku sita.

Kwanza alikwenda kwa Kiboko, akasimama mbali kidogo na maji.

"Hujambo, Bwana mkubwa?"

"Sijambo. Sema haraka, kapu la Swala linakuja."

"Nakuonea huruma, Bwana mkubwa. Unadaka Kona tu. Ghalani makapu yanamwagika, Darajani yanamwagika, milangoni kwa watu yanamwagika, na vyote hivyo wanakula wengine. Wadogo wadogo tu, Bwana. Mijusi."

Kiboko akatoa kichwa chote. "Mijusi wanakula vya Darajani?"

"Wananenepa."

"Kwa hiyo ingefaa nani ale?"

"Mimi naona awepo Mdakaji Mkuu. Mmoja tu. Kosa lolote, popote, litokee vipi, linakuja kwake na hakuna mwingine kugusa. Nikikuandikia, utakubali?"

Kiboko alishakubali tangu kwenye *lolote*.

Pimbi akaandika siku nne. Kidawa akamuuliza, "Unaandika nini?" Akasema, "Suluhisho." Kidawa akawatazama watoto, akamtazama yeye, akarudi kwenye maganda yake. Pimbi hakuinua macho. Aliorodhesha kila baya linaloweza kulipata kapu tangu linatoka mpaka linafika. Kapu likimwagika. Kapu likichelewa. Kapu likiwahi. Upepo ukilitikisa. Jani likilidondokea. Nzi akitua ubavu wa kulia. Nzi akitua ubavu wa kushoto. Yalikuwa makosa mia na kumi na mawili, na kila moja alilipangia mdakaji yule yule. Safari hii hakuacha nafasi tupu hata moja. Aliandika: mdakaji aende mwenyewe pale pale, arekebishe, alifikishe kapu, ndipo ale kilichomwagika. Na mpaka amalize, mashine isimame, kengele ilie.

Mzee Kobe aliisoma siku mbili. Alipomaliza alikuwa na machozi.

"Kijana," akasema, "miaka yote niliyokaa mlangoni hapa, hakuna aliyewahi kunijibu hivi. Kumbe unaweza."

"Ni kawaida yangu, Mzee," akasema Pimbi, na wala hakutahayari.

Kiboko aliletwa kuweka wayo wake, ndiyo sahihi yake. Kobe akamsomea yote kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Kiboko alikuwa akitazama ghala. Aliposikia *ale kilichomwagika* akagutuka, akakanyaga, nchi ikatikisika. Akawa Mdakaji Mkuu.

Asubuhi ya siku ya kumi makapu yakaanza kushuka. Kengele ikalia. Ngo, ngo, ngo.

"Kosa Ghalani. Nani anadaka?"

"Mimi," akasema Kiboko, akatoka majini, akapanda kilima, puu, puu, puu. "Kuna nini?"

"Nzi ametua ubavu wa kulia."

"Kuna kilichomwagika?"

"Hakuna."

"Sasa nile nini?"

"Mfukuze nzi."

Akamfukuza nzi, akalisindikiza kapu mpaka nyumbani kwa Swala, akarudi bwawani. Hajalowa mgongo. Ngo, ngo, ngo.

"Kosa Darajani. Nani anadaka?"

"Mimi." Puu, puu, puu. "Kuna nini?"

"Jani limedondokea kapu."

"Kuna kilichomwagika?"

"Hakuna."

"Sasa nile nini?"

"Liondoe jani."

Angekula lile jani, lakini lilikuwa la mwarobaini. Akalisindikiza kapu. Ngo, ngo, ngo. Kapu limewahi. Akalishika, akasimama nalo juani mpaka saa yake ifike. Ngo, ngo, ngo. Kapu limechelewa, kwa sababu alikuwa amesimama na lile lililowahi. Ngo, ngo, ngo. Nzi ametua ubavu wa kushoto, tena ni yule yule wa asubuhi.

Katika hekaheka hiyo, kapu la Mawe Mapana lilifika. Kiboko mwenyewe alilibwaga mlangoni, anahema, wala hakugusa jani moja, maana kengele ilikuwa imeshalia kwingine. Kidawa akalivuta ndani. Watoto wakalivamia, kwa sauti ile ya vinywa vidogo, nyam nyam nyam. Yule wa mwisho akala, akalala, akaamka, akamng'ata dada yake sikio. Kidawa akakaa chini akalia kidogo kwa furaha. Pimbi akafurahi pia, akajinyoosha juu ya jiwe lake. Akajiambia kwamba mambo yamekwisha, kapu limefika, na hakuna aliyejua kitu. Akafumba macho afikiri.

Saa saba mchana ngozi ya Kiboko ilianza kupasuka. Mnajua ngozi yake haipatani na jua. Kengele ikalia mara ya arobaini na tisa. Kiboko akasimama katikati ya njia, akatazama kilima, akatazama bwawa. Akajitupa majini, chubwi, yakabaki matundu ya pua.

"Kosa Ghalani. Nani anadaka?"

"Simo," zikasema pua. "Namrushia aliyeniweka."

Mashine ikasimama kabisa. Kamba ikatulia. Wanyama wakaanza kutoka majumbani, mmoja mmoja, wakakusanyika uwanjani kuuliza kulikoni. Nguchiro alikaa mbele.

Mnakumbuka Kobe hufanya nini kosa likirushwa? Huenda kwa wa juu yake, na wa juu yake, mpaka mwisho. Safari hii hakuhitaji kwenda mbali. Akazifungua programu zote mbili, ile mpya na iliyo chini yake, akashika baragumu mwenyewe, akaanza kusoma kwa ile sauti yake isiyo na haraka.

"Kosa limerushwa na Kiboko. Kiboko amewekwa Mdakaji Mkuu na programu mpya. Programu mpya imepachikwa juu ya programu ya Kona. Programu ya Kona ina mdakaji, Kiboko. Mdakaji ameambiwa afanye..." Akasogeza jicho karibu. "Patupu. Kando pameandikwa, *Nitarudi kumalizia.* Mwandishi, Pimbi."

Nungunungu ndiye aliyeelewa kwanza. "Kwa hiyo sikusahau," akasema. "Nilikuwa na njaa kweli."

Pimbi akavuta pumzi akisubiri kicheko. Alikwisha kuandaa na neno la kujitetea, kwamba Kobe anauliza maswali mengi mno mpaka mtu anachoka, na kwamba ni nani hapa hajawahi kuacha nafasi. Neno lenyewe si baya, mimi nimelitumia mara nyingi. Alimtazama Nguchiro, acheke kwanza yaishe. Nguchiro alikuwa anatazama chini.

Kidawa akatoka kati ya watu, mtoto wa mwisho mgongoni.

"Mzee Kobe," akasema, "pale patupu palitakiwa kuandikwa nini?"

"Neno moja. *Fikisha.*"

"Kuliandika kunachukua muda gani?"

"Mimi kulisoma, kitambo. Yeye kuliandika, hata kope hapepesi."

Akamgeukia mumewe. "Ulijua lini?"

Pimbi alitaka kusema leo. Akasema, "Siku ya tatu."

"Watoto wamekula siku ya kumi."

"Niliona haya, mama watoto. Niliogopa watanicheka."

Hakuna aliyecheka. Pimbi alisubiri, akasubiri, akatamani hata mmoja acheke. Kidawa akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akarudi nyumbani bila kumngoja.

Kobe akaandika lile neno. Ile programu mpya ikatupwa, isipokuwa orodha ya makosa mia na kumi na mawili, kwa sababu Kobe alisema kazi nzuri kama ile haitupwi. Wakahitaji mtu wa kuyadaka, apige kelele kila yanapotokea, na hawakumtafuta mbali, wakamweka Pimbi. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hukaa majini mchana kutwa, ukimwita anajifanya hasikii. Na ndiyo maana mpaka leo ukipita majabalini utamwona pimbi mmoja kakaa juu ya jiwe, haoti jua, anapiga kelele. Upepo ukivuma, anapiga kelele. Jani likidondoka, anapiga kelele. Nzi akitua, anapiga kelele. Na siku tai anapokuja kweli, anapiga kelele ile ile, na wenzake wanaendelea kula, maana wameshazoea.

Mnataka funzo? Funzo lipo, andikeni. Ukikuta nafasi tupu, usiijaze. Nguchiro alisahihisha lake siku ile ile, na leo hana cheo chochote. Pimbi aliiacha tupu siku kumi na zaidi, akapewa kazi ya kudumu, jiwe lake mwenyewe, na sauti inayosikika mbali. Mimi msimulizi wenu ninazo nafasi zangu tatu, niliziacha mwaka juzi, naziandalia suluhisho.

Ngano imenifikisha hapa, miguu imechoka. Ilipokuwa tamu, mmeitia sukari nyinyi.

*Ilipokuwa chungu?*

Hapo aliandika mtu mwingine.